Nikiwa chini ya mparachichi naongea vizuri, nikipewa maiki nakauka

BARUA

Shikamoo Mama. Poleni na baridi ya huko Iringa, huku kwetu Rungwe mvua ndo hivo tena, nguo zinakaa kambani siku tatu na hazikauki. Naomba jina langu usilitoe na ofisi yangu pia usiitaje, huku watu tunajuana sana.

Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili. Mimi ni afisa ugani kwenye shirika dogo linalofanya kazi na wakulima wa parachichi, zile za Hass za kusafirisha nje. Huu ni mwaka wa nne. Kazi yangu naipenda kwa kweli, asubuhi napanda bodaboda naenda vijijini kwenye mashamba darasa, tunakaa na wakulima chini ya mparachichi naongea hata masaa mawili, wananiuliza nawajibu, wananibishia na mimi nawabishia, tunacheka tunaachana vizuri. Hapo sijawahi kuogopa hata siku moja.

Mwaka jana ndo yalinikuta. Kulikuwa na kikao cha wadau kwenye ukumbi, nikapewa dakika kumi nieleze kuhusu uvunaji. Nikaandika kila kitu kwenye karatasi nne, nikasimama nikaanza kusoma. Mikono ikawa inatetemeka mpaka zile karatasi zinasikika kwenye maiki, kha kha kha. Nikafika kwenye sehemu ya uhifadhi, nilitaka kusema wakulima wanahitaji mahali pazuri pa kuhifadhia matunda, sasa sisi huku unajua r na l zetu, nikasema kwa sauti kabisa "wakulima wanahitaji mahari". Mzee mmoja kule nyuma akapaza sauti "taja kiasi binti tuanze kujichanga!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilikuwa nimebakiza karatasi mbili, nikasema ahsanteni nikaenda kukaa, masikio yanawaka moto. Kikao kilipoisha akina mama wawili walinifuata kuniuliza ile mikasi ya kuvunia inapatikana wapi, nikawajibu haraka haraka nikaondoka maana machozi yalikuwa karibu. Mpaka leo ofisini wakitaka kunichokoza wananiuliza mahari imefika ngapi.

Sasa mwisho wa mwezi ujao kuna mkutano mkubwa Mbeya mjini. Watakuja wafadhili wa kutoka nje, watu wa halmashauri, viongozi wa AMCOS, vile vyama vya ushirika vya wakulima, na wakulima wenyewe. Bosi ameniambia mimi ndo nitoe prezentesheni ya majaribio yetu, dakika 20. Na kweli ni kazi yangu mama, misimu miwili nimekuwa na wakulima 12, nusu ya mti tunavuna kwa kunyofoa kama walivyozoea na nusu tunakata kwa mkasi tunabakiza kikonyo kidogo, halafu naandika kwenye daftari rijekti, yaani matunda yanayokataliwa, ni ngapi huku na ngapi huku. Shambani huwa nabeba matunda mawili ya mti mmoja yaliyovunwa siku moja, nayakata kwa kisu mbele yao, lile la kunyofoa unakuta kwenye shingo weusi umeshaanza kushuka ndani kama wino, wanabaki wameshika mdomo. Bosi ameshadokeza kwamba nafasi ya mratibu itatangazwa baada ya huo mkutano.

Ninachokwama ni hiki. Kwanza kuna kaka mmoja ofisini, amekulia Dar, Kiingereza anashusha tu, haogopi mtu. Ameniambia nimpe data zangu atapresenti yeye, jina langu ataliweka slaidi ya mwisho. Ameshatengeneza slaidi 34. Na mimi moyo wangu nusu unasema mpe tu upumzike, nusu nyingine inauma.

Pili, na hili sijamwambia mtu ofisini. Baba mkwe wangu ni mwenyekiti wa AMCOS yao na atakuwepo, tena viongozi wanakaa mbele. Mila za Kinyakyusa wewe utakuwa umezisikia, mkamwana na baba mkwe hawakai pamoja, nikimwona njiani napita pembeni, na sijawahi kumtazama usoni tangu niolewe. Familia nyingi siku hizi wamelegeza ila kwa mume wangu bado wanashika. Sasa nitasimamaje mbele yake na maiki dakika 20 nafundisha? Nasikia siku hizi na yeye anavuna kwa mkasi, ila mimi hajaniambia, angeniambiaje. Mume wangu nimemuuliza mara mbili, anasema "we amua mwenyewe".

Tatu, rafiki yangu anayeuza duka la dawa amenipa vidonge, propranolo, anasema wanaoimba kwaya na wanaofanya intavyuu wanameza nusu saa kabla, mikono haitetemeki tena. Sijameza bado. Na kifua changu chenyewe ukifika mwezi wa saba kinanibana, natembea na inhela kwenye mkoba, sijui nimeze au nisimeze.

Mama niambie, nimwachie yule kaka au nijitose? Mimi sio muongeaji, nimeshajijua.

Ndaga fijo.
Wako wa Rungwe

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Kamwene, ndivyo tunavyosalimiana huku.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikiwa jikoni, nilipofika kwenye vidonge na inhela nikaacha ninachofanya nikakaa chini. Kwa hiyo naanza na hilo kabla ya mengine, maana mengine yanaweza kusubiri. Propranolo ni dawa ya moyo na presha, inapunguza mapigo na kweli mtetemeko unatulia, rafiki yako hajakudanganya. Lakini mtu ambaye kifua chake kinabana na anatembea na inhela, hiyo dawa inaweza kumziba njia ya hewa vibaya sana. Hili sio jambo la kushauriana dukani wala kwenye safu kama hii. Iweke pembeni mwanangu, nenda kwa daktari, mwonyeshe inhela yako na hivyo vidonge, akuambie yeye. Rafiki yako alikupenda tu, ila hajui habari ya kifua chako, au anaijua na hakuiunganisha.

Haya. Sasa tuongee.

Umeniambia "mimi sio muongeaji, nimeshajijua", umeandika mwishoni kabisa kama mtu anayefunga mlango. Mimi huo mlango naomba niusukume kidogo. Mtu asiyekuwa muongeaji hakai masaa mawili na wakulima wanaombishia na yeye anawabishia halafu wanaachana wanacheka. Mimi nimefundisha sekondari miaka mingi, nakwambia kushika watu wazima masaa mawili, tena watu wenye shamba lao na uzoefu wao wa kuvuna tangu utoto, hiyo ni kazi ambayo walimu wengi hawaiwezi. Wewe unaongea mbele ya watu kila wiki. Ila hujawahi kuihesabu kwa sababu hakuna maiki wala viti vya plastiki vilivyopangwa mistari.

Kwa hiyo swali ninalojiuliza, ni nini kinachopotea kati ya pale chini ya mti na pale ukumbini? Angalia ulichoandika mwenyewe. Shambani mkononi una tunda na kisu. Ukumbini mkononi ulikuwa na karatasi nne. Shambani unamwangalia mtu, akikunja uso unajua hajaelewa unarudia. Ukumbini ulikuwa unaangalia karatasi, na mtu anayesoma karatasi neno kwa neno hana nafasi ya kujirekebisha, akikosea ni kama gari lililotoka kwenye reli, lazima lianguke. Nimeona wasomi wakubwa wakisoma karatasi namna hiyo kwenye mahafali, watu wanasinzia mpaka wanaangusha pochi. Sidhani kama shida ilikuwa wewe. Nadhani ulivaa namna ya kuongea ambayo sio yako ukidhani ukumbi ndo unataka hivyo.

Na kile kicheko. Najua kiliuma, usidhani nakipuuza, kuchekwa na ukumbi mzima ni kitu kinachokaa mwilini, na wenzako wa ofisini wanaoendelea kuuliza mahari imefika ngapi wanakichokonoa kidonda, ungeweza siku moja kumwambia mmoja wao kwa upole kwamba basi inatosha. Lakini kuna sentensi umeipitia haraka sana kwenye barua yako, wale akina mama wawili. Watu walicheka, sawa, halafu wawili kati yao wakaja kukuuliza mikasi inapatikana wapi. Yaani pamoja na kutetemeka, pamoja na mahari, pamoja na karatasi mbili ambazo hukuzisoma, ujumbe ulifika. Ulikimbia kabla ya kuona kwamba umefika.

Habari ya r na l usiigeuze dhambi. Nchi hii ni kubwa na karibu kila kabila lina herufi yake inayoligomea, na wasikilizaji wa Mbeya hizo za kwenu wanazijua toka utotoni. Ukitaka kuepuka tu neno lenyewe, kuna njia rahisi, usilitumie. Sema stoo, sema sehemu, sema chumba cha ubaridi. Pitia maneno yako yote ya siku hiyo, yale mawili matatu yanayokutega badilisha. Na likiteleza moja hata hivyo, lirudie taratibu ukiwa unatabasamu, endelea. Kwa kawaida watu wanamfuata msemaji, akishtuka nao wanashtuka, akiendelea nao wanaendelea.

Sasa yule kaka wa Dar. Sijamfahamu na sitaki kumhukumu, inawezekana kabisa amekuona unahangaika akasema ngoja nimsaidie dada. Kwa hiyo tuipime hiyo njia kwa haki. Ukimwachia, utalala usingizi mwezi mzima, na mkutano utaenda vizuri tu. Mpaka wakati wa maswali. Atainuka mzungu au mtu wa halmashauri aulize kwa nini mkulima fulani rijekti zake hazikupungua hata kwa mkasi, je alivuna kabla tunda halijakomaa, alilirundika juani, ni nini. Hayo majibu yako kwenye daftari lako na kichwani kwako. Yeye atakugeukia wewe, na utajibu ukiwa umekaa kwenye kiti cha tatu nyuma, bila maiki. Na ile nafasi ya mratibu, bosi ataikumbuka sura iliyosimama. Labda hilo unaliona dogo, watoto bado wadogo, huitaki kazi ya safari nyingi, mimi sijui, wewe ndo unajua kama unaitaka kweli au unaona aibu tu kuikosa. Jiulize hilo kabla ya lingine.

Kuna njia ya katikati, mgawane. Wewe unaeleza kazi, yeye anatafsiri au anashika maswali ya Kiingereza. Inafanya kazi vizuri, nimeiona. Ila ina mtego wake. Mkalimani anakula nusu ya muda, dakika 20 zako zinakuwa 10. Na kama yeye ndo anafungua na yeye ndo anafunga, watu wataondoka wakijua yeye ndo mwenye kazi na wewe ulikuja kuonyesha matunda. Kama mtagawana, kubaliana naye mapema nani anasema sentensi ya kwanza na nani ya mwisho. Hilo ongeeni mkiwa mmekaa wawili na chai, msiongee siku yenyewe mlangoni.

Na hebu nikuulize, nani amesema lazima iwe Kiingereza? Kwenye barua yako bosi hajasema, umesema tu kaka anashusha Kiingereza. Pale ukumbini wengi ni wakulima na viongozi wa AMCOS. Muulize bosi. Unaweza kuongea Kiswahili huku maandishi machache kwenye slaidi yakiwa Kiingereza, wageni wanasoma, wakulima wanasikiliza. Lakini ni maandishi machache. Zile slaidi 34 kwa dakika 20, nimepiga hesabu, ni kama sekunde 35 kila moja. Ndani ya sekunde 35 mtu asome maandishi, akusikilize wewe, na aangalie grafu, haiwezekani, atachagua kimoja, na mara nyingi atachagua kusoma, wewe unabaki unapiga kelele tu. Kama ni zako ungebakiza ngapi? Mimi ningefikiria picha ya tunda lililokatwa, ule ukurasa wa daftari wenye hesabu za wakulima 12, na kitu kimoja au viwili tena.

Na wala hizo dakika 20 sio deni ambalo lazima ulilipe lote. Lincoln wa Marekani, mwaka 1863 pale Gettysburg, alisimama baada ya msemaji maarufu aliyeongea kama masaa mawili, yeye akaongea kama dakika mbili, maneno kama 270 hivi, na hayo ya kwake ndo wanafunzi wanayakariri mpaka leo. Kwetu Mwalimu Nyerere mwaka 1978 wakati wa vita ya Kagera, mambo ya kueleza yalikuwa mengi, majeshi, bajeti, dunia inasema nini, lakini kila mzee anayekumbuka atakwambia vitu vitatu: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wewe vitu vyako vitatu ni vipi? Nakuachia, lakini barua yako mwenyewe imenipa kama hivi: tulivyokuwa tunavuna, tulichobadilisha, tulichoona kwenye daftari. Huhitaji karatasi kukumbuka hayo, umeyaishi misimu miwili.

Mimi kitu nilichokipenda kuliko vyote kwenye barua yako ni yale matunda mawili. Nimekaa nimeyafikiria jamani. Huo weusi unaoshuka shingoni kama wino, mfadhili yeyote na mkulima yeyote ataelewa bila mkalimani. Je, unaweza kuyapeleka ukumbini? Ubao wa kukatia, kisu, matunda mawili, na mtu mmoja wa kukushikia maiki kama haina stendi. Hatari yake unaijua kuliko mimi, siku hiyo tunda likiwa bado gumu au yote mawili yameshaoza utaumbuka. Basi vuna mengi, siku tofauti tofauti, uwe na akiba, na uwe na picha kwenye slaidi kama yamekugomea. Na ukishika tunda mkononi mikono inapata kazi, haitetemeki sana kama ikishika karatasi.

Kuhusu mwili wenyewe. Moyo kwenda mbio, mdomo kukauka, hiyo ni mwili unajiandaa, sio dalili kwamba utashindwa. Kwa watu wengi mbaya zaidi ni pale mwanzo kabisa, ile dakika ya kwanza, baada ya hapo unatulia wenyewe. Ndo maana sentensi zako mbili za kwanza uziweke kichwani kabisa, uweze kuzisema hata ukiamshwa usiku. Kabla hujasimama, vuta pumzi kawaida halafu itoe pole pole, iwe ndefu kuliko uliyoivuta, mara kadhaa. Salamu za itifaki usizizungushe, msalimie mgeni rasmi, sema itifaki imezingatiwa, ingia shambani. Na fanya mazoezi kwa sauti ukiwa umesimama, kusoma kimya kitandani hakusaidii. Una wakulima wako, una akina mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, waambie nisikilizeni dakika 15. Hata yule kaka, badala ya kumpa kazi yote mwombe akusikilize akukosoe, unaweza kushangaa. Kama unaweza kufika Mbeya mapema, ingia ukumbini watu hawajaja, shika maiki, sikia sauti yako inavyorudi, maana mara ya kwanza inashtua.

Sasa baba mkwe. Hili nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo zito, na nadhani hata wewe unajua kwamba r na l sio zinazokunyima usingizi.

Mimi ni Mhehe, kwetu heshima ya mkwe ipo lakini sio kwa namna ya kwenu, kwa hiyo sitakaa hapa Iringa nikakufundisha mila za Rungwe. Wala sitakwambia kwamba hiyo ni mila ya zamani iache. Wewe umeishika miaka yote hii, inaonekana unamheshimu yule mzee, na hicho ni kitu kizuri. Ninachotaka tuangalie ni dhana moja tu. Umechukulia kwamba kusimama kwako ni kumvunjia heshima. Inawezekana. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba siku hizi anavuna kwa mkasi. Alitoa wapi hiyo habari mwanangu? Kuna mtu alimfikishia maneno yako, labda mume wako, labda mkulima mwenzake, na yeye mzee, mwenyekiti, akayapokea akabadilisha alichokifanya maisha yake yote. Huyo mtu ameshakusikiliza. Hamjawahi kukaa pamoja na ameshakusikiliza.

Sasa hilo halimaanishi atafurahi kukuona mbele na maiki, kuna wazee wanaokubali kwa siri kitu ambacho hadharani hawawezi. Kwa hiyo mtu amuulize, na mtu huyo sio wewe. Kwa kawaida angekuwa mume wako kwenda kwa baba yake, au mama mkwe, au shangazi wa ile familia anayesikilizwa. Aende mapema, wiki mbili tatu kabla, sio juzi ya mkutano. Aseme tu, mkamwana wa nyumba hii amepewa kazi na ofisi, atasimama kueleza, wewe utakuwepo, tufanyeje tusikosee? Swali la namna hiyo linampa mzee nafasi ya kuamua kama mzee. Anaweza kusema nitakaa pembeni na wenzangu. Anaweza kusema nitamtuma katibu. Anaweza kukuambia kuna namna ya kulimaliza kimila, wazee wenyewe watajua, mimi sijui. Na anaweza kusema hapana. Hiyo ndo hatari ya kuuliza, ukishauliza ukaambiwa hapana halafu ukasimama, ni vibaya kuliko kama hukuuliza. Lakini ukisimama bila kuuliza, akashtukia tu mkamwana wake yuko mbele ya mgeni rasmi, hiyo aibu itaingia nyumbani na atakayeibeba sio wewe peke yako, ni mume wako na watoto wako wanaoenda kwa babu yao.

Na ukitaka, mpangilio wa ukumbi nao unasaidia. Ukisimama upande mmoja wa jukwaa ukaelekea wakulima wako, huhitaji kutazama mstari wa mbele. Wale 12 waweke sehemu moja unayoiona. Ongea nao wao kama pale shambani, ukumbi wote utasikia.

Nikikumbuka wanawake waliosimama wakati haikuzoeleka, namkumbuka Bibi Titi Mohamed. Shule hakusoma sana, alikuwa mwimbishaji kwenye kikundi cha ngoma Dar, halafu mwaka 1955 akaongoza tawi la wanawake la TANU, akazunguka nchi akihutubia. Sikuletei huyu ili ujilinganishe naye, na yeye gharama zake alizilipa. Nakuletea kwa sababu sauti yake aliipata kwenye ngoma, aliichukua kule alikokuwa ameizoea akaipeleka mkutanoni. Yako iko shambani.

Halafu mume wako. Umemuuliza mara mbili na mara mbili amesema amua mwenyewe. Mimi hayo maneno nimeyageuza huku na huku. Yanaweza kuwa ruhusa, yaani nakuamini mke wangu. Yanaweza kuwa anaogopa kwenda kwa baba yake na hajui aseme nini. Au hajaelewa kwamba unachomwomba wewe sio ruhusa, unamwomba akusindikize kwenye hili. Jaribu kumuuliza tofauti. Usimuulize niende au nisiende. Muulize, utakwenda kuongea na baba, au tumwombe mama? Mkiwa wawili tu, watoto wamelala, usimuulize akiwa anavaa viatu.

Niandikie baada ya hapo, hata kama mkutano utakuwa bado. Nataka sana kujua mume wako amejibu nini.

Mama yako wa Iringa